Kesi ya jinai kufutwa si mwisho wa shauri la malezi

Dada, umeuliza kama mahakama ya familia itakusikiliza kuhusu malezi ya mtoto, wakati kesi ya jinai ya mzazi mwenzako kumpiga mtoto imeshafutwa. Itakusikiliza. Jinai hutaka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka. Malezi ni shauri la madai, na katika nchi nyingi hakimu hupima tu lipi lina uwezekano mkubwa zaidi. Mtu anaweza kuachiwa kule na huku ikaonekana alimpiga mtoto.

Chenye uzito ni kumbukumbu za wakati uleule: cheti cha daktari, ujumbe wa simu wenye tarehe, maelezo ya mwalimu aliyeziona zile alama mkononi. Andika saa, nani alikuwepo, na mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Usimkaririshe, nakuomba sana. Afisa ustawi wa jamii akisikia lugha ya mtu mzima kinywani mwa mtoto, hata ukweli wake utatiliwa shaka.

Hofu ikiwa ni ya sasa hivi, usisubiri hukumu. Omba amri ya muda, mzazi mwenzako amwone mtoto chini ya uangalizi tu.

Na jiandae: atadai unamjaza mtoto chuki dhidi yake. Hoja hii imewaumiza wazazi wengi wanaosema kweli, kiasi kwamba mwaka 2023 Reem Alsalem, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, alizishauri nchi ziipige marufuku katika kesi za familia. Mwambie wakili wako mapema.