Mala au vidonge vya probiotiki wakati wa antibiotiki?

Dada aliyeuliza kama anunue vidonge vya probiotiki ili "kurudisha" bakteria wa tumbo wanaouawa na antibiotiki anazotumia, au kama mala itamtosha, ameuliza jambo ambalo wateja wangu huniuliza mara kwa mara, kwa kuwa nauza mala hapa Nakuru. Jibu langu halitaisaidia sana biashara yangu.

Mala hutokana na bakteria wanaogeuza laktosi, yaani sukari ya maziwa, kuwa asidi ya laktiki. Asidi hiyo ndiyo inayogandisha maziwa, kuyapa ukali wake na kuzuia vijidudu vingi vya magonjwa visistawi. Na kwa sababu sehemu ya laktosi imekwisha kuliwa, baadhi ya wateja wangu ambao hujaa gesi wakinywa maziwa ya kawaida huinywa mala bila taabu. Manufaa hayo ni ya kweli. Hata hivyo, tangu mwaka 2001 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, wameeleza probiotiki kuwa viumbe hai wadogo ambao, wakitumiwa kwa kiasi cha kutosha, humletea mtumiaji faida ya kiafya, na mala yangu haijawahi kupimwa hivyo na mtu yeyote.

Hata vidonge vyenyewe haviponyi kila kitu. Bakteria aitwaye Lactobacillus rhamnosus GG amechunguzwa sana, na upo ushahidi kwamba huwapunguzia watoto uwezekano wa kuharisha kutokana na antibiotiki. Lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 halikuona kwamba aliwasaidia watoto waliofikishwa hospitalini wakiwa tayari wanaharisha na kutapika. Bakteria ni yuleyule, shida ni mbili, na majibu ni mawili. Kwa hiyo chupa isiyoandika jina kamili la bakteria, pamoja na herufi au namba za mwishoni, mimi ningeiacha dukani, hata kama muuzaji anaisifu namna gani.

Kuhusu kurudisha, mwaka huohuo watafiti wa Israeli walionyesha kwamba watu waliopewa mchanganyiko wa probiotiki baada ya antibiotiki walichelewa kurejewa na bakteria wao wa asili kuliko wale walioachwa bila kupewa chochote. Wenyeji hao wa utumbo mpana wanachohitaji hasa ni chakula, nacho ni nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya wenyewe: maharagwe, managu, wimbi usiokobolewa. Wakizichachusha hutoa asidi ya butiriki, ambayo ndiyo nishati kuu ya seli za ukuta wa utumbo huo. (Uji wa wimbi uliochachushwa kisha ukachemshwa hauna tena bakteria hai, lakini bado ni chakula kizuri.)

Basi kunywa mala kama chakula, mradi maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa, kwani ukali peke yake si kinga ya kutegemewa dhidi ya bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoweza kumwingia mtu kupitia maziwa mabichi. Hukutaja umeandikiwa dawa gani, dada. Ikiwa ni siprofloksasini au doksisaiklini, usiimeze pamoja na mala, kwa sababu kalsiamu ya maziwa huishika dawa na kuizuia isifyonzwe vizuri. Muulize mfamasia aliyekuuzia uache saa ngapi katikati.