Servo sita kwa karti moja: kuran itoke wapi?

Jambo mukubwa. Niko mwanafunzi wa elektroniki, naishi komini ya Kenya hapa Lubumbashi. Mimi na benzangu tunatengeneza roboti mudogo ya rulaji, ile ya kusimama karfuri na kuonyesha magari kwa mikono, iko na servo sita za SG90, zile mota ndogo zinazozunguka mpaka digrii unayoziamuru. Karti ni Arduino Uno, ile ndogo inayobeba programu yetu na kuamuru servo, tunaiunga kwa odinateri na fili ya USB. Servo moja inatembea muzuri, tukiweka ya pili inaanza kutetemeka, tukiweka zote sita karti inazima inawaka inazima inawaka, na odinateri inaandika kama kifaa kinakula kuran mingi. Rafiki mumoja akasema tuweke batri ya karé ya volti 9, ikakuwa mubaya zaidi, na kipande kimoja pale juu ya karti kikakuwa moto hata kidole hauweke. Programu tumeiandika upya na upya. Kosa iko wapi?
*Mwanafunzi wa Kenya*

Mudogo wangu, programu iache ipumzike, haina kosa. Kosa iko kwa kuran, na karibu kila mtu anayeanza roboti anapita palepale.

Tuhesabu kwanza. SG90 moja ikiwa imetulia inakula kidogo sana, kama miliamperi 10 hivi. Ikitembea bila mzigo inakula 100 mpaka 250. Lakini ukiishika isizunguke, ao pale tu inapoondoka kutoka kusimama, inavuta 650 mpaka 700. Sasa chukua sita ziondoke pamoja: unakaribia amperi 4. Na ile USB ya odinateri inatoa kawaida miliamperi 500, tena Uno yenyewe iko na fizibu mdogo pale karibu na USB inayokata ukipita hapo. Unaomba amperi 4 kwa mlango wa nusu amperi, njo maana odinateri inalalamika.

Kuzima na kuwaka kunakuja hivi. Servo zinaondoka, volti inaanguka, tuseme kutoka 5 inashuka 3 na chini zaidi, na chipu ya Uno imepangwa ijizime volti ikishuka sana ili isifanye hesabu za uongo. Inajizima. Servo zinakosa amri, zinatulia, volti inarudi, chipu inaamka na kuanza programu kutoka mwanzo, na nina hakika mwanzo wa programu yenu unasema servo zote sita ziende digrii 90. Zote zinaondoka pamoja tena, volti inaanguka tena. Inaweza kuzunguka hivyo mpaka asubuhi na wewe unatafuta kosa kwa mistari ya kodi.

Ile batri ya karé usirudie. Volti 9 iko nayo ndiyo, lakini nguvu ya ndani ni kidogo, imetengenezwa kwa vitu kama testeri na alarmu ya moshi, ukiivuta nusu amperi inaanguka mara moja. Na kile kipande cha moto ni regilateri, kazi yake ni kushusha 9 kuwa 5, na ile tofauti anaigeuza joto tu. Kwa nusu amperi ni volti 4 mara 0.5, wati 2 juu ya kipande kisicho na radiateri. Ungeweka batri ya solari ya volti 12 kwenye tundu lile lile ingekuwa wati 3.5. Usijaribu.

Kitu cha kuelewa ni kwamba pini ya karti haipeleki nguvu, inapeleka amri. Pini moja ya Uno haifai kuvutwa zaidi ya miliamperi 20, 40 ni mpaka wa mwisho kabisa. Ni kama polisi wa rulaji mwenyewe, ananyoosha mkono na lori ya madini inatembea, lakini hakuna siku atashuka kuisukuma. Amri yenyewe ni ndogo: kila milisekonde 20 pini inatoa mshtuo wa milisekonde 1 mpaka 2, na urefu wa ule mshtuo njo unaambia servo ikae upande gani. Kuran ya kuzungusha mota itoke pahali pengine.

Kwa hiyo unatafuta alimantasio, yaani kifaa cha kutoa kuran, ya peke yake kwa servo, volti 5, amperi 4 ao 5 kwa hizo sita zako. Fili zote nyekundu za servo zinaenda kwa plus ya ile alimantasio. Zote za maroni zinaenda kwa minus. Zile za oranji, moja moja, zinaenda kwa pini za Uno. Halafu, na hapa ukisahau utanirudia na barua ingine, vuta fili moja kutoka minus ya alimantasio mpaka GND ya Uno, yaani minus yake, ile tunaita masi. Masi iwe moja. Ile amri ya volti 5 ni volti 5 ukilinganisha na nini? Na masi. Masi zikiwa mbili zisizojuana servo inasoma takataka, inaruka huku na huku kama imelewa, na wewe utasema imeungua kumbe haijaungua. Lakini plus ya alimantasio usiiunge na 5V ya Uno wakati USB imechomekwa, hizo mbili zisikutane.

Alimantasio utaipata wapi bila kumaliza franka zote? Mimi ningeanza kwa watu wanaotengeneza odinateri za zamani, ukaomba alimantasio ya odinateri ya mezani. Fili nyekundu ni volti 5, nyeusi ni masi, na ili iwake bila odinateri unaunganisha fili ya kijani na nyeusi moja. Soma etiketi ubavuni, itakuambia amperi za volti 5, mara nyingi ni zaidi ya 10, inatosha roboti tatu. Shajeri ya telefone ya 5V 2A inaweza kusukuma servo mbili ao tatu, si sita. Na kwa sababu kuran ya mtaa tunaijua sote, wengi mtataka batri ya solari ya volti 12: hapo unaweka kati karti ya kushusha volti. Ile ya LM2596 imeandikwa amperi 3 lakini mimi naiamini kwa 2, kwa servo sita chukua ya XL4015 inayoandikwa 5. Unaipima na multimetri kabla ya kuunga servo, unazungusha visi kidogo ya shaba mpaka usome 5. Ile visi inazunguka mizunguko mingi bila kitu kubadilika, watu wanafikiri imekufa, endelea tu kuzungusha, polepole.

Bado kidogo. Ile pleti nyeupe ya matundu mnayochomekea fili, chuma chake cha ndani ni chembamba, amperi 4 zikipita humo volti inapotea njiani na plastiki inaweza kuyeyuka. Kwa amri ni sawa, kwa nguvu tumia domino, ile ya mafundi wa kuran ya nyumba, na fili nene. Karibu na servo weka kondansateri, ile kopo ndogo inayoweka akiba ya kuran, ya mikrofaradi 1000, volti 10 ao 16, inasaidia pale zinapoondoka ghafla. Mstari wa ubavuni ni upande wa minus, ukigeuza inaweza kupasuka mbele ya uso wako. Na kwa programu, washa servo moja, ngoja milisekonde 200, washa ingine.

Roboti za rulaji za Kinshasa, zile za injinieri Thérèse Izay Kirongozi zilizoanza kuonekana 2013, zinakula jua, kwa hiyo ile ya batri na solari haiko njia ya maskini, msione haya.

Mukubwa, mimi nilinunua karti ya PCA9685, ile ya kuamuru servo 16. Nimeunga VCC, GND, SDA na SCL kwa Uno, karti inawaka taa, programu inaiona, lakini servo hata moja haitikisike. Wameniuzia mubovu?
*Fundi wa Katuba*

Hapana fundi, haiko mubovu. VCC inalisha chipu peke yake. Servo zinalishwa na V+, na hiyo inaingia kwa ile domino ya visi mbili pale juu, ambayo naona umeiacha mtupu. Weka hapo volti 5 ya alimantasio ya peke yake kama nilivyomuambia mudogo wa Kenya. Karti hii inakusaidia upande wa amri, servo 16 kwa fili mbili tu, SDA na SCL, zinazoingia pini A4 na A5, na Uno inabaki na pini zake. Kuran haiongezi hata kidogo.

Mutoto wangu wa miaka 13 anacheza na hizi mota na batri ya solari ya ndani ya nyumba. Kuran haitamupiga?
*Mama wa Kampemba*

Mama, volti 5 na volti 12 hazitamupiga, kwa hiyo usimukataze. Hatari iko kwingine: batri ya solari, plus na minus vikigusana, inatoa mamia ya amperi kwa mara moja, fili inakuwa nyekundu na nyumba inaweza kushika moto. Mwambie aweke fizibu ya gari ya amperi 5 kwa fili ya plus, karibu kabisa na batri, sentimita chache tu, isikae mwisho wa fili kule kwa roboti. Na anapofunga zile visi za batri avue bangili ya chuma.