Re: Nimetolewa ovari moja, bado nitazaa?

Pole sana dada kwa operesheni. Umeuliza kama ovari moja (kifuko cha mayai ya mwanamke) ikishatolewa sababu ya uvimbe ndo uzazi umeisha kama mama mkwe anavyosema hapo Ujiji, hapana jamani, haujaisha. Iliyobaki inabeba kazi ya zote mbili, homoni za estrojeni na projesteroni inatoa na yai linapevuka kila mwezi, sio kwamba mwezi huu linatoka mwezi ujao halitoki kama wengi wanavyodhani, na mimba inaweza kuingia mradi mrija wa uzazi uwe mzima. Mtoto wa kike anazaliwa na mayai kama milioni 1 hadi 2, akivunja ungo yanabaki laki 3 hadi 4 hivi, na yanayokuja kupevuka maisha yote ni kama 400 tu, kwaiyo akiba unayo.

Yai linatoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, linaishi saa 12 hadi 24 tu ila mbegu za mume zinakaa mpaka siku 5, kwaiyo kutaneni siku chache kabla. Mwaka ukipita bila mimba, au miezi 6 kama umeshafika 35, nenda hospitali ya Maweni umwone daktari wa wanawake na mumeo apimwe pia, inaniuma sana huku kwetu mwanamke anavyobebeshwa lawama wakati mbegu za mwanaume hazijaangaliwa hata siku moja.