Marehemu Mume Wangu Ameacha Hisa za Kampuni ya Sigara: Je, Gawio Lake Ni Halali?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mjane, naishi Tanga. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita, akaniachia watoto wawili, wa kiume na wa kike, bado wanasoma. Baba yake alitangulia, mama yake yu hai, yuko kijijini. Katika alivyoacha zimo hisa za Kampuni ya Sigara Tanzania, alizonunua mwaka 2000 kampuni ilipoingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Gawio, yaani fungu la faida ya kampuni, huingia katika akaunti yetu ya pamoja, nalo ndilo ada ya watoto. Imamu wetu alinijibu sigara ni makruhu tu, yaani haipendezi ila si haramu, nisihangaike. Shemeji yangu na wenzake wanaonunua hisa kidogo kidogo wanasema hisa ni karatasi, mwenye hisa si mwenye kiwanda, tena za sigara si za kuuza, kwa kuwa wavutaji hawaachi. Kijana mmoja wa madrasa kanitisha kwamba nimewalisha mayatima moto, nizichane. Usiku silali. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Ama baad.

Kwanza kabisa, dada yangu, lala. Hukuwalisha watoto moto. Uliuliza, ukajibiwa na mtu unayesali nyuma yake, ukalifuata jibu lake. Mwenyezi Mungu amesema kuhusu riba yenyewe, ambayo uharamu wake hauna mjadala, kwamba aliyefikiwa na mawaidha ya Mola wake akakoma, yaliyopita ni yake (2:275). Itakuwaje kwa mjane aliyefuata kauli ya imamu katika jambo ambalo maulamaa wa zamani walikhitilafiana?

Huyo kijana Allah amuongoze. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa inawahusu wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, naye kaifanya rungu la kumpigia mama wa mayatima. Halafu anakuamrisha uchane mali ambayo sehemu kubwa yake si yako, ni ya hao hao mayatima! Mlezi hana ruhusa ya kuteketeza mali ya mtoto, wala kuitoa sadaka. Na hata ukiichana hiyo hati, hisa zimeandikwa katika daftari la kielektroniki la soko; ungebaki na vipande vya karatasi mkononi na hisa zako palepale.

Yeye nimemaliza naye. Wanaonisumbua ni hao wa upande wa pili, kwa sababu maneno yao ni matamu na nimeyasikia mpaka barazani baada ya Alasiri.

Tuanze na hili la makruhu. Tumbaku ilipofika katika nchi za Waislamu, yapata miaka mia nne iliyopita, maulamaa hawakuwa na kauli moja. Sheikh Abdul-Ghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1143 Hijria, aliitetea sana akisema asili ya vitu ni uhalali na madhara yake hayajathibiti. Elimu yake tunaiheshimu. Ila tazama alijengea nini kauli yake: kutothibiti kwa madhara. Nguzo hiyo leo imeanguka. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka kutokana na tumbaku, na zaidi ya milioni moja kati yao ni vya watu wasiovuta kabisa, wamekaa tu karibu na mvutaji. Kuishika kauli na kuiacha sababu yake ni sawa na kukaa juu ya paa baada ya kuta kubomoka.

Na hao wanaosema “sisi ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kwetu ni makruhu,” je, Imamu al-Qalyubi wa Misri si Mshafii? Alifariki mwaka 1069 Hijria, alikuwa na ujuzi wa tiba, na aliiharamisha kwa hoja kwamba moshi huo hufungua njia za mwili na kuziandaa kupokea maradhi. Hapo hakuna eksirei wala wodi ya saratani! Wenzake waliosema makruhu nao waliweka sharti: ikimdhuru mtu, kwake ni haramu. Basi nionyesheni kiwanda kinachochagua wateja wasiodhurika.

Mimi nasimama na wanaoharamisha, kwa kauli yake Allah “wala msijiue” (4:29) na kauli ya Mtume (S.A.W.) kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Na kitu kikiwa haramu, kauli ya Mtume aliyoipokea Ibn Abbas, iliyomo katika kitabu cha hadithi cha Abu Daud, iko wazi: Allah anapowaharamishia watu kula kitu, huwaharamishia na thamani yake.

Sasa “hisa ni karatasi.” Subhanallah. Neno lenyewe linawasuta: hisa ni fungu, sehemu. Kama ni karatasi tupu, mbona inarithiwa? Mbona mnatolea zaka? Mbona kila mwaka mwenye hisa mia moja anapata mwaliko wa mkutano mkuu, anapiga kura, anaidhinisha gawio, anachagua wakurugenzi? Huyo ni mshirika. Wakurugenzi ni mawakili wake, na kitendo cha wakili ni cha aliyemuwakilisha. Ikitoka kiwandani Chang’ombe katoni moja, imo sehemu yake ndani yake, iwe ndogo kama chembe ya mchanga.

Watasema, “Robo tatu ya kampuni ni ya Japan Tobacco International, sisi wadogo kura zetu hazigeuzi kitu.” Kweli hazigeuzi. Udogo wa fungu unapunguza uzito wa dhambi, hauifuti. Anayechangia shilingi mia katika karamu ya pombe hawezi kudai yeye kanunua barafu. Na yule anayesema “nikiuza mimi atanunua mwingine” kasema maneno ya kila muuza haramu tangu dunia kuumbwa.

Wengine hutaja kodi inayolipwa Serikalini na misaada kwa jamii. Qur’ani haikuwaficha hilo: katika ulevi na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake (2:219). Manufaa yametajwa, na hukumu haikubadilika.

Lakini lililonichoma zaidi ni hili la shemeji yako: usiuze, wavutaji hawaachi. Tafakari maana yake. Usalama wa fedha yako umeutegemeza kwenye unyonge wa mwenzio. Kila mwenye kifua kibovu anayejaribu kuacha Ramadhani na kurudi tena mfungo mosi, kwako wewe ni habari njema. Mvutaji tunamhurumia, uraibu umemshika koo. Mwenye hisa ameshikwa na nini?

Najua ndugu zetu wa Tabora na Urambo watasema sheikh hajawahi kushika jembe. Mkulima wa tumbaku aliyefungwa na mkopo wa pembejeo ana mazingira yake, naye simpimi kwa mizani ya mtu anayenunua hisa kwa simu akiwa amelalia kochi. Na wanaouliza kuhusu kampuni za sabuni, unga au saruji, ambazo bidhaa zake ni halali ila zina mikopo ya riba, hiyo ni mas-ala nyingine. Majmaa ya Fiqhi, baraza la kimataifa la wanazuoni wa sheria, iliyokutana Jeddah mwaka 1992 ilisema asili ni haramu kushiriki humo. Viwango vya AAOIFI ya Bahrain, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, vikaruhusu kwa mipaka, mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni na mapato haramu yasizidi asilimia 5. Huko ikhtilafu ina uzito. Sigara haimo humo, maana haramu yake ndiyo biashara yenyewe.

Basi hukumu yako ni hii: zitoeni hisa hizi kwa kuziuza, bila kuchelewesha makusudi. Bei mtakayopata naona ni halali kwa warithi. Ndani ya hisa yamo majengo, mashine na magari, si tumbaku peke yake, marehemu alinunua kwa jasho lake, na hali yenu ni ya uhitaji. Wapo maulamaa wanaosema mtaji wa awali tu ndio wenu na ziada itolewe. Ni kauli ya tahadhari, siiwajibishi juu ya mayatima. Gawio litakaloingia kuanzia leo hadi siku ya kuuza msilile. Litoeni kwa mafukara au kwenye maslahi ya umma, kwa nia ya kujitakasa, si kwa kutaraji thawabu za sadaka. Na ikichukua miezi usivunjike moyo: hisa hizi zilizo mikononi mwa watu wadogo ni chache, haziuzwi kila siku. Ukishatoa agizo la kuuza kwa dalali wa soko, uko katika toba yako. Wallahu aalam.

Sasa nikuambie jambo hukuuliza, na kwangu ni zito kuliko sigara. Miaka minne gawio linaingia kwako, na mama mkwe yuko kijijini. Je, mirathi iligawanywa? Barua yako haisemi, nami naogopa jibu. Baada ya madeni na wasia, kama warithi ni nyinyi mliotajwa tu, mali ni mafungu 72: wewe mke una 9, mama yake ana 12, mwanao wa kiume 34, wa kike 17. Fungu la mama huyo ni kubwa kuliko lako. Inawezekana hajui hata kama hisa zipo.

Usijilaumu kupita kiasi. Ada mliyolipa ilitoka katika haki ya watoto wenyewe, na mara nyingi mjane huachwa peke yake na makaratasi. Ila hata kuuza hutaweza mpaka ateuliwe msimamizi wa mirathi, basi ombi la Mahakama ya Mwanzo liende sambamba na safari ya kijijini. Usimtume shemeji, nenda mwenyewe, na watoto wamwone bibi yao. Mweleze kila kitu, hisa ngapi, gawio kiasi gani, zimetumikaje. Akisamehe yaliyopita kwa moyo mweupe, asilazimishwe wala asionewe haya, yamekwisha. Asiposamehe, ni deni, mlipe kidogo kidogo kutoka fungu lako. Ukikwama kwa dalali au mahakamani, niandikie tena.