Unga wa bakteria hauchimbi tope

Swali: Nasimamia mabwawa ya majitaka ya mji wetu hapa Tanzania. Bwawa la kwanza linatoa mapovu meusi, harufu imezidi, na mtoni samaki wanakufa alfajiri. Mfanyabiashara anatuuzia unga wa bakteria, kilo 5 kila wiki. Mwenzangu anashauri klorini kwenye bwawa la mwisho mpaka ukijani uishe. Tufuate ushauri upi?

Jibu: Ndugu msimamizi, usifuate hata mmoja. Kila lita ya majitaka inayoingia kwako ina mabilioni ya bakteria. Huyo anakuuzia ulichonacho bure. Bakteria wako wanachokosa ni muda wa kufanya kazi, na dalili ulizotaja zinaonyesha kwamba muda huo umeliwa na tope.

Piga hesabu. Bwawa la mita za ujazo 7,200 likipokea 1,800 kwa siku, maji hukaa siku 4. Tope likijaza nusu, hukaa 2, au pungufu, kwa kuwa maji hujichongea njia moja toka ingilio hadi tokeo. Uchafu usiooza hapo unalielemea bwawa la pili, linalotegemea oksijeni ya mwani, kisha unateremka mtoni. Huko bakteria wanaula huku wakimaliza oksijeni. Mchana mimea ya majini huirudisha. Usiku hairudishi, ndiyo maana samaki wanakufa kabla jua halijachomoza.

Pima tope wiki hii. Kwa bwawa la kina cha mita 3, chukua ufito wa mita 4, uzungushie taulo jeupe nusu ya chini, ulifunge barabara. Mkiwa wawili kwenye boti, mmevaa maboya, uteremsheni wima taratibu mpaka uguse sakafu, kisha upandisheni polepole. Maji yatachuruzika, tope litabaki limenasa kwenye nyuzi. Pimeni urefu wa sehemu nyeusi. Rudieni sehemu kama 12, hasa karibu na ingilio. Wastani ukifika theluthi moja ya kina, tope litolewe. Angalia pia magari ya kunyonya vyoo: mzigo wao ni mzito mara nyingi kuliko majitaka ya bomba, na wakimwaga moja kwa moja bwawani utalichimba tena mapema mno.

Ushauri wa klorini ndio unaonikera zaidi. Ukijani ni mwani, na mwani uliouawa huoza na kudai oksijeni zaidi. Klorini ikikutana na amonia huzaa kloramini, sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Mayai ya minyoo haiyawezi. Hayo hutuama yenyewe maji yakitulia siku 8 hadi 10 kwenye mfululizo wa mabwawa. Kiwango cha juu Tanzania cha BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huhitaji ili kuozesha uchafu ulio majini, ni miligramu 30 kwa lita, na hakuna jicho linaloisoma. Mkulima akiona maji meupe atayaamini, atamwagilia saladi, na watoto watakula minyoo.

Unga huohuo unauzwa mitaani kwa ahadi kwamba choo hakitanyonywa tena. Mchanga, plastiki na pedi haviliwi na bakteria yeyote. Muuzaji akija na karatasi za majaribio, muulize tope lilipimwaje kabla na baada, na bwawa la kulinganishia, lisilotiwa unga, lilikuwa lipi.