Umepandikizwa, na bado unameza dawa

Ukishafanyiwa upandikizaji wa seli shina kwa ajili ya maieloma (aina ya saratani ya damu), watu wa nyumbani huhesabu mambo yamekwisha. Harambee ilifanywa, ukaenda India, ukarudi na kipara. Sasa wakikuona kila jioni unameza kapsuli, wanaanza kunong'onezana: kumbe hakupona! Mimi huwajibu waziwazi. Maieloma hukaa kwenye uboho, na wengi wetu haituishi kabisa. Melfalani, dawa kali ya kemo, huifyeka, seli zako mwenyewe hurudishwa ili uboho uamke, halafu lenalidomaidi, ndizo kapsuli hizi za jioni, huichelewesha isirudi. Kwa kawaida unaanzishwa baada ya miezi miwili au mitatu, chembe za damu zikishapanda. Wengi huanza na miligramu 10 kwa siku. Wapo wanaomeza siku 21 na kupumzika 7, na wapo wasiopumzika. Wenye aina kali huenda wakapewa pia sindano ya botezomibu, kwa hiyo usilinganishe karatasi yako ya dawa na ya jirani yako kwenye foleni.

Ninalokusihi zaidi ni hili: pima damu kwanza, ndipo ununue pakiti. Chembe nyeupe zikishuka, daktari husimamisha dawa au hupunguza dozi, na kapsuli haifunguliwi wala haikatwi nusu. Ukishushiwa hadi 5, zile za 10 ulizolipia kwa M-Pesa jana zimekuwa hasara. Usimgawie mwenzako pia. Dawa hii ni ya ukoo wa thalidomaidi, ile iliyolemaza watoto tumboni miaka ya 1950 na 1960. Mjamzito asiiguse, na sisi wanaume kondomu ni lazima, hata uwe na wajukuu.

Kuhara kunaweza kuanza ukiwa umeshaizoea dawa, ukasingizia kachumbari. Mara nyingi ni nyongo isiyofyonzwa vizuri. Punguza mafuta (ndiyo, chipsi za mjini pia) na umwambie daktari, maana ipo poda ya kuzuia hali hiyo. Kwenye matatu ya Thika Road saa za foleni, utaelewa kwa nini nasema usione haya kulitaja.

Mifupa ikiuma, usikimbilie kemisti kununua diklofenaki au brufeni. Figo zetu hazizihimili. Asprini ndogo uliyoandikiwa ni ya kuzuia damu kuganda, basi ukiona shavu la mguu mmoja limevimba, nenda hospitali. Asiklovia ni ya kuzuia mkanda wa jeshi. Joto likifika 38, nenda usiku huohuo, usingoje kupambazuke. Chanjo za utotoni nazo hurudiwa, ila zile za virusi hai husubiri.

Bima ya afya ya SHA ina kikomo cha mwaka, kwa hiyo uliza salio mapema kabla hujafika dirisha la malipo. Na ukienda ushago Desemba, beba kapsuli za kutosha pamoja na za siku chache za ziada. Kemisti wa kule hatakuwa nazo.