Mafuta ya tangawizi kwa magoti yanayouma

SWALI: Shikamoo, mshauri. Mama yangu ana umri wa miaka 66 na analima alizeti na karanga huku Chamwino. Tangu msimu wa palizi magoti yanamsumbua, hasa anapoinuka asubuhi. Nilipokwenda Dodoma mjini nilimnunulia kichupa cha mililita 10 cha mafuta ya tangawizi, na muuzaji akaniambia yanaponya baridi yabisi. Mama alipoyapaka yalimuunguza, naye akasema ndiyo dawa inaingia. Je, ni kweli yanatuliza maumivu? Na siwezi kumtengenezea mwenyewe kwa tangawizi ya sokoni?
Msomaji, Chamwino

JIBU: Marahaba, na umfikishie mama pole zangu. Nianze na kule kuungua, maana hapo ndipo penye madhara: ngozi inayowaka ni ngozi iliyochokozwa, wala si dalili ya dawa kuingia. Yaliyomo kichupani si mafuta ya kujipaka kama ya nazi. Hupatikana kwa kukeneka, yaani mvuke wa maji hupitishwa kwenye tangawizi ukabeba harufu yake, kisha ukapoozwa hadi mafuta yakajitenga na maji. Kilo 100 za tangawizi kavu hutoa takriban kilo 1 hadi 3 tu, kwa hiyo tone moja lina ukali mwingi.

Ule mwasho unaousikia ulimini unapotafuna tangawizi hutokana hasa na jinjeroli, ambayo haipandi na mvuke kwa urahisi. Mafuta yaliyokenekwa karibu hayana jinjeroli, bali yana zinjibereni na viambato vingine vya harufu. Ukiparuza tangawizi ukailoweka katika mafuta ya alizeti, ambayo kwenu hayakosekani, utapata kitu kingine kabisa, tena kinachoharibika upesi kwa sababu tangawizi mbichi ina maji. Si vibaya kumkanda mama kwa mafuta hayo, ila usidhani utafiti uliofanywa kwa kimoja unathibitisha kingine, kosa ambalo wauzaji hulifanya kila siku.

Kuhusu maumivu, upo utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2008, uliowahusisha wazee 59 wenye maumivu ya goti. Baadhi yao walikandwa mara 6 katika wiki 3 kwa mafuta ya zeituni yaliyotiwa asilimia 1 ya mafuta ya tangawizi na nusu asilimia ya mafuta ya chungwa. Wiki moja baada ya kukandwa, maumivu yao yalikuwa yamepungua kuliko ya wenzao waliokandwa bila mafuta hayo. Zilipotimia wiki 4 baada ya kukandwa, tofauti hiyo haikuonekana tena. Kwa maoni yangu, basi, tutarajie nafuu ya muda, ambayo sehemu yake huenda inaletwa na mikono inayokanda. Neno “kuponya” alilolitumia muuzaji halina msingi.

Mama akipenda kuendelea, mchanganyie tone 1 katika kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti, ambalo ni sawa na asilimia 1 hivi. Mpake kidogo ndani ya kiwiko na kusubiri siku nzima. Ngozi isipowasha wala kuwa nyekundu, mkande magoti jioni, polepole, kisha unawe mikono usije ukajigusa macho. Asiyanywe kamwe. Kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amwulize kwanza daktari wake.

Maumivu ya asubuhi kwa mtu wa umri wake aghalabu ni ya goti kusagika, lakini hilo huthibitishwa na kipimo, si na mimi nikiwa mezani. Goti likivimba na kuwa la moto, akipata homa, au akishindwa kulikanyagia, mpeleke hospitali siku hiyohiyo bila kumpaka chochote. Kichupa nacho ukifunge vizuri na kukiweka kivulini, mbali na watoto. Dirisha linalopigwa na jua la Dodoma si mahali pake.